Anayelima Kawa Aisage Mwenyewe

Kila tunapotaja kawa mbele ya watu wa utamaduni, maneno mawili yanarudi. Wazee wanasema: "Ile ni kinywaji ya wazungu, siye tunakunywaka maziwa na kasiksi." Vijana waliosoma wanasema: "Kawa ni mali ya kuuza, mwenye kutaka kunywa anunue kopo kwa butiki." Maneno hayo yanaonekana kama yanapingana, kumbe ni ndugu wa tumbo moja. Yote mawili yanamwacha mkulima wa Masisi na Walikale akipalilia kawa, akichuma kawa, akibeba kawa kichwani mupaka kwa mnunuzi, na mwishowe kufa bila kujua ladha yake. Sisi tunayakataa yote mawili. Tunasema kwamba kusaga kawa nyumbani, kidogo kidogo, muda ule ule wa kuipika, ni jambo la mila yetu kuliko wengi wanavyofikiri. Tena tunasema kwamba chombo kinachofaa kazi hiyo leo ni mashini ndogo ya mkono, ile yenye meno mawili yanayosagana. Juu ya chombo hicho tutakawia, maana ndicho kinachochekwa.

Tuanze na neno la wazee, kwa heshima yote. Ni kweli kwamba miti ya kawa ya milima yetu ilikuja na mashamba ya wakoloni. Comité National du Kivu iliundwa mwaka 1928 na kugawa ardhi kubwa kubwa kwa wazungu. Kuanzia mwaka 1937 watu waliletwa kutoka Rwanda kuja kufanya kazi katika mashamba ya Masisi, na wenyeji nao walitiwa kazini. Hakuna familia hapa, ya Wahunde, ya Wahutu, ya Watutsi, ya Wanyanga au ya Watembo, ambayo haina mzee aliyebeba kikapu cha kawa ya mtu mwingine. Mashamba yakabadilisha wenyewe kwa amri ya Novemba 1973, yakapewa wakubwa wa Zaire, na mengi yakaoza mikononi mwao. Kisha Julai 1989 mapatano ya mataifa juu ya kugawana soko la kawa yakavunjika, bei ikaanguka, na wakulima wengi wakaiacha miti imezwe na majani. Kwa hiyo machungu iko, na hatuyafichi.

Lakini machungu si sababu. Tuulize: muhogo ulitoka wapi? Ulitoka Brazili, uliletwa na Wareno. Mahindi, maharagwe na birayi vyote vilitoka Amerika. Mtu anayekula fufu na sombe, akaongeza sahani ya maharagwe, kisha akafuta midomo na kusema kawa ni ya wageni, huyo anatuchekesha. Kati ya vyakula vyote hivyo, kawa peke yake ndiyo yenye mti wa Afrika. Arabika ni ya misitu ya Ethiopia na Sudan ya Kusini. Robusta ni ya misitu ya Kongo yenyewe. Mbegu zake zilitoka huku, zikapitia Ubelgiji, zikafika Java mwanzoni mwa karne ya 20, na leo dunia nzima inainywa. Kule Buhaya, ng'ambo ya Rwanda, watu walitafuna kawa iliyochemshwa na majani yenye harufu nzuri zamani sana kabla ya mzungu yeyote kufika. Mgeni alipokelewa kwa buni mkononi. Wahaya na Waganda walikula udugu wa damu kwa buni mbili za tunda moja. Basi mnatuambia ni kinywaji cha nani?

Na kama mfano wa mbali hautoshi, tuangalie fromaji. Watu wetu walijifunza kutengeneza fromaji kwa wazungu, juu ya milima hii hii. Leo inauzwa Goma na Kinshasa, na hakuna mzee anayekataa kuiita fromaji ya Masisi. Imekuwa yetu kwa sababu tunaitengeneza na tunaila. Kawa tunaitengeneza tu. Nusu ya pili ndiyo inayokosekana.

Sasa tufike kwa kusaga, maana ndiyo kazi yenyewe. Nyanya zetu walikuwa na jiwe la kusagia. Wanaosema Kinyarwanda wanaliita urusyo, na lile dogo la juu wanaliita ingasire. Jiwe la chini limelala, halitikisiki. Jiwe la juu linakwenda na kurudi. Mtama au ulezi unaingia katikati, na unga unatoka kadiri ya uzito wa mkono na nafasi iliyo kati ya mawe mawili. Na nyanya alisaga lini? Alisaga jioni unga wa jioni. Hakusaga wa mwezi mzima akaweka, kwa kuwa alijua unga uliolala unapoteza harufu na unaingia wadudu. Hiyo ndiyo mila tunayoitetea hapa. Mashini ya meno ni urusyo uliozungushwa duara: jino moja limefungwa, jino la pili linazunguka, na kuna skrubu ya kuongeza au kupunguza nafasi kati yao. Hakuna kitu kingine ndani yake. Waturuki walikuwa na mashini kama hizo za shaba tangu zamani, na kampuni ya Peugeot, ile ya gari 504 iliyopanda milima yetu, ilitengeneza mashini yake ya kwanza ya kawa mwaka 1840, kabla dunia haijajua gari ni nini. Kijana anayesema ni kitu cha katalogi aende kumtazama nyanya yake kwanza.

Tumtazame sasa huyo wa kopo. Unga wa kopo unaoyeyuka kwa maji ya moto uliingizwa sokoni na Nestlé huko Uswisi mwaka 1938, kwa jina la Nescafé. Ni kazi ya kiwanda: kawa imesagwa, imepikwa, kisha maji yameondolewa. Hatuwakatazi wagonjwa wala wasafiri. Lakini ione safari yake! Kawa inatoka Afrika kwa gunia, inavuka bahari, inarudi katika kopo, na mtu wa Kitshanga mwenye miti nyuma ya nyumba anatoa franga zake kununua kijiko cha vumbi. Bei ya kopo dogo moja, gramu 50, inganishe na bei ya kilo moja ya kawa parche ambayo huyo huyo ameuza jana. Fanya hesabu mwenyewe kwa bei za soko lako. Sisi tuliwapa wanafunzi wa kilasi hesabu hiyo kama zoezi, na walinyamaza.

Kuna pia wale wenye kununua kawa iliyokwisha kusagwa, katika mfuko. Hao tunawaelewa zaidi, maana angalau wananunua ya Kivu. Tatizo lao ni la kemia na hesabu, na hapa mtusamehe tufundishe kidogo. Chukua kipande cha mche wenye upande wa sentimeta 1. Ngozi yake yote, pande sita, ni sentimeta 6 za mraba. Kikate vipande vya milimeta 1: unapata vipande 1000, na ngozi yao yote pamoja ni sentimeta 60 za mraba. Kitu ni kile kile, lakini hewa imepata mahali pa kukishika mara kumi zaidi. Kawa iliyosagwa ni hivyo, na zaidi ya hivyo, maana punje zake ni ndogo kuliko milimeta. Harufu ile nzuri inayojaza nyumba wakati wa kusaga ndiyo ile ile inayokimbia. Baada ya siku chache katika mfuko uliofunguliwa unabaki uchungu tu. Buni nzima iliyokaangwa inavumilia majuma mawili au matatu ndani ya chombo kilichofungwa vizuri. Ndiyo sababu tunasema isagwe ya leo leo.

Na wapinzani wetu wa mjini wana jibu: "Tuko na mikseri." Wanamaanisha ile ya umeme yenye kisu kinachozunguka chini ya chombo. Tuseme wazi: kisu hakisagi, kinakata ovyo. Buni iliyo karibu na kisu inakuwa vumbi, iliyo juu inabaki vipande vikubwa. Ukiipika, vumbi linatoa kila kitu upesi mupaka uchungu mbaya, na vipande vikubwa vinatoa kidogo tu, chachu na maji maji. Kikombe kimoja kinakuwa kichungu na chepesi kwa wakati mmoja! Watu wengi waliosema "kawa ni dawa ya kwinini" walikunywa kawa ya kisu, au kawa iliyoungua kwenye kikaango. Meno yanayosagana yanafanya kinyume: punje haiwezi kutoka mupaka iwe ndogo ya kutosha kupita katika nafasi uliyoiweka. Zinatoka zinafanana, si sawa kabisa, lakini zinafanana.

Basi kinu? Hapa tunapingana na marafiki wetu, wale wanaosema kama ni mila basi ni kinu na mchi, tusitafute kingine. Hoja yao ina uzito. Waethiopia, wenye kawa kabla ya watu wote, wanakaanga mbele ya wageni, wanapitisha moshi kwa pua ya kila mtu, wanatwanga kwa kinu, wanapika ndani ya jebena na kugawa vikombe mara tatu. Na hakuna anayesema kawa yao ni mbaya. Ni kweli. Wanashinda kwa sababu wanatwanga muda ule ule, na jebena inaacha mchanga ulale chini. Upya unatangulia, kulingana kwa punje kunafuata. Kwa hiyo mwenye kuchagua kati ya kinu cha leo na unga wa mwezi jana, achague kinu bila kufikiri mara mbili.

Lakini kinu cha nyumba ya kwetu ni kinu cha kazi zote. Asubuhi kimetwanga sombe, mchana karanga, jioni pilipili. Kuni za mti wake zimekunywa mafuta na harufu za miaka. Ukitia kawa ndani yake, utakunywa historia ya jikoni yote. Mwenye kutaka kutwanga akate kinu kidogo cha kawa peke yake, akichekeche kwa chujio, na vipande vikubwa avirudishe. Atapata kawa nzuri. Atapata pia kazi ya nusu saa kwa vikombe vinne. Sisi kinu tunakiheshimu kwa kazi nyingine: kutoa ngozi. Kawa parche ikitwangwa pole pole, bila kuponda, ngozi inapasuka, ungo unaipeperusha, na buni inabaki safi. Hapo mashini ya meno haiwezi kitu, tena ngozi zinaiziba.

Kuchagua mashini si jambo la kuogopa. Iliyo karibu nasi ni ile ya chuma kizito inayofungwa kwenye ukingo wa meza, wanayosagia karanga sokoni. Wengi hawajui kwamba ndiyo hiyo hiyo mashini ya meno: fungua skrubu ya mbele uone sahani mbili zenye mistari. Ni nguvu, fundi yeyote wa kuchomea anaweza kuitengeneza, na kwa kawa ya kuchemsha kwenye sufuria inatosha. Ubaya wake ni mbili. Kwanza, iliyokwisha kusaga karanga usiiguse kwa kawa. Mafuta ya karanga yameingia kwenye chuma na yataganda yakioza. Nunua yako ya kawa, uiandike hata kwa rangi. Pili, sahani zake mara nyingi hazikai sawa sawa, upande mmoja unagusa na upande mwingine uko wazi. Unapokuwa bado mbele ya mwenye kuuza, kaza skrubu pole pole ukizungusha bila kitu ndani, na usikilize. Kama inakwaruza sehemu moja tu ya mzunguko na kunyamaza sehemu nyingine, sahani zimepinda. Omba nyingine.

Ya pili ni ile ya sanduku la mbao lenye kitoroli chini. Nyumba chache za kwetu bado zinazo tangu wakati wa mashamba, na zimewekwa juu ya kabati pamoja na picha za harusi. Tunaomba zishushwe! Shika mkono wa kuzungushia uutikise kushoto na kulia: ukicheza sana, mhimili umelika, na punje hazitafanana hata ufanye nini. Pitisha ukucha juu ya meno: yakiwa laini kama kijiko, yamekwisha. Yakikwaruza ukucha, mashini bado ni nzima, na inahitaji brosi tu.

Ya tatu ni zile mpya, nyembamba kama chupa, zinazoingia katika mkoba. Nyingi zinatoka Asia, na bei yake huanzia kama dola 20 na kupita 100. Tofauti ya bei iko ndani, haiko kwenye rangi: ni mhimili ulioshikwa juu na chini usicheze, na meno ya chuma kilichochongwa vizuri. Nyingine zina meno ya udongo mgumu wa kauri. Kauri haishiki kutu, na hilo ni jambo kubwa kwa mvua na ukungu wa Masisi. Lakini inaogopa kuanguka, na inaogopa jiwe. Na jiwe kwetu si hadithi. Kawa iliyoanikwa chini ya ardhi inakuja na vijiwe vya rangi ile ile ya buni, na kijiwe kimoja kinavunja jino la kauri na kutoboa hata la chuma. Chagua kawa yako kama unavyochagua maharagwe. Mwenye kuanika juu ya kitanda cha waya hana shida hiyo, tena atapata bei nzuri zaidi.

Juu ya mashini za umeme hatutapoteza wino. Vijijini kwetu umeme wa hakika hakuna, na soleri ndogo ya taa haitazungusha meno.

Jaribio tunalolipenda halina gharama. Chukua karatasi nyeupe ya daftari, saga konzi moja, mwaga juu yake, tawanya kwa kidole na uangalie karibu na dirisha. Ukiona vumbi na vipande kama vya ugoro na kokoto pamoja, hiyo si mashini. Ukiona kama mchanga wa mto, wa namna moja, lipa.

Sasa matumizi. Kaanga kwenye kikaango kizito juu ya makala yasiyo makali, ukikoroga bila kuacha. Utasikia buni zinapasuka kama bisi. Acha kidogo tu baada ya hapo, uondoe, upoze upesi juu ya ungo. Kwetu watu wanakaanga mupaka nyeusi inayotoa mafuta, wakidhani ndiyo nguvu. Ni makala hiyo, si kawa. Ilale siku moja kabla ya kusaga, maana inatoa gazi karboniki nyingi ikiwa mbichi ya moto. Pima gramu 60 kwa lita moja ya maji, ni kama vijiko kumi vya mezani vya kawa iliyosagwa. Kwa sufuria, saga ukubwa wa mchanga mnene, mimina ndani ya maji yaliyotoka motoni, koroga, funika dakika nne au tano, kisha uchuje. Kwa kitambaa cha kuchujia, saga ndogo zaidi. Ile laini kama unga waachie Waturuki na vikombe vyao vidogo. Na tujisifu mara moja: huku juu ya mita 1500 maji yanachemka kwenye digrii 95 hivi, si 100, na hicho ndicho kipimo ambacho wapishi wa kawa wa Ulaya wanakitafuta kwa kipimajoto. Siye tunakipata bule, kwa mlima.

Ulimi ndio utakaokuambia namna ya kukaza skrubu. Kikombe kikiwa chachu na chepesi, kaza, saga ndogo. Kikiwa kichungu na kinakausha ulimi, legeza. Badilisha kitu kimoja kwa mara moja, la sivyo hutajua ni nini kilichosaidia. Hata wanafunzi wa kwanza ya sekondari wanalijua hilo. Ukipata mahali pazuri, weka alama kwa verni ya kucha. Usioshe meno ya chuma kwa maji. Brosi kavu na kitambaa vinatosha, na kijiko cha kwanza baada ya siku nyingi kitupwe.

Jambo moja la kwetu hasa. Kawa ya nchi za Maziwa Makubwa, ya Kivu kama ya Rwanda na Burundi, ina ugonjwa wa harufu ya birayi. Unahusishwa na mdudu antestia anayetoboa tunda, na buni yenye ugonjwa huoni tofauti yake kwa macho. Buni moja inatosha kuharibu. Ukisaga kilo nzima pamoja, umeharibu kilo. Ukisaga kikombe kwa kikombe, ile harufu ya maganda ya birayi mbichi inakupiga puani pale pale kwenye mashini, kabla hujamimina maji: unatupa konzi moja, unafuta meno, unaendelea. Hakuna hoja kubwa kuliko hii ya kusaga nyumbani, na hakuna kitabu cha wazungu wa mbali kitakachokusisitizia.

Na nani atazungusha? Hapa tunajua tutakasirisha wanaume wenzetu. Wanaume wanaolia kwamba mila inapotea ni wale wale ambao hawajashika mchi tangu kuzaliwa. Urusyo ulikuwa kazi ya mama, kinu ni kazi ya mama, na sasa hivi tunasikia: "Mama watoto, saga kawa, wageni wamefika." Mashini hii inazungushwa ukiwa umeketi, huku unaongea, dakika mbili au tatu. Baba aizungushe. Anakunywa kasiksi saa nzima na mkono wa kuume hauna kazi.

Tumefika kwa jambo linalotuchoma. Mnunuzi anafika shambani, anachovya mkono ndani ya gunia, ananusa, anasema: "Hii ni mbovu." Mkulima anajibu nini? Hajawahi kuinywa. Anashusha bei. Wengine, kwa kukimbilia bei ya ng'ambo, walipakia magunia usiku ndani ya mitumbwi kwenda Rwanda, na Ziwa Kivu limekula watu wa namna hiyo wengi. Sasa tuangalie wanaonunua kawa nzuri wanafanyaje. Kabla ya kutaja bei wanakaanga, wanasaga gramu 8 na robo kwa mililita 150 za maji, wanamimina, wanaonja kwa kijiko, wanaandika. Na wanasagia nini? Mashini ya meno, hakuna nyingine mezani pao. SOPACDI ya Minova, iliyoanzishwa mwaka 2003 na yenye wakulima wa Kalehe na wa Masisi, imefikisha kawa ya Kivu Ulaya kwa sababu ilikubali kuhukumiwa kwa kikombe. Mkulima anayesaga na kuonja nyumbani ataweza kumwambia mnunuzi: kaa, hii ndiyo kawa ya gunia hili, kunywa, kisha tuongee. Labda bei haitapanda siku hiyo. Lakini neno "mbovu" halitatoka kwa urahisi ule.

Watatuambia kwamba si wakati wa kuongea vikombe, watu wanakufa. Tunajua. Vita vilipofika Kitshanga Januari 2023, watu wa Burungu walitembea na vitu vilivyoingia mgongoni. Wengi walilala Bulengo na Kanyaruchinya mupaka kambi zile zilipovunjwa mwaka 2025, na kuna ambao hawajaona tena miti yao. Kinu hakikimbii na mtu, urusyo haukimbii, vilibaki. Wanaorudi wanaanza na sufuria moja. Kwa hao tunasema mashini ndogo ya mkono ni kitu kinachoingia ndani ya mfuko pamoja na karatasi za shule za watoto, na hatuoni haya kuandika hivyo katika kijitabu cha mila.

Bei yake si ya mtu mmoja, hilo tunakubali. Ifanyike likelemba: nyumba kumi, kila moja itoe kidogo kwa mwezi, na mashini ya kwanza inunuliwe ya watu wote kumi. Ikae kwa nani? Si kwa mwenyekiti, maana tunajua itageuka ya mwenyekiti. Ikae juma moja moja kwa kila nyumba, na anayeipokea aifungue mbele ya anayeileta, waangalie meno pamoja, wanuse. Ikinuka karanga, aliyeileta anunue brosi, na juma lake linalofuata linapita kwa jirani.